Lari: Historia ya Pande Mbili Chini ya Paa Moja



Wasafiri wengi wa barabara ya Naivasha husimama Kimende kununua viazi na karoti, kisha wakaendelea na safari. Wachache wanajua kwamba hapo Lari, katika kaunti yetu ya Kiambu, pana Makumbusho ya Amani ya Lari. Hayakuanzishwa na serikali. Yaliletwa na wananchi wenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kati yao walikuwamo wapiganaji wa zamani wa Mau Mau na watu waliokuwa homgadi. Anayejua yaliyotokea Lari ataona uzito wa watu hao kuketi pamoja.

Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, nyumba za chifu wa zamani Luka na za jamaa za homgadi zilichomwa moto. Watu zaidi ya 70 waliuawa, wengi wao wanawake na watoto. Kisasi kilianza usiku huohuo, kikafanywa na homgadi na vikosi vya serikali, na waliokufa humo hawakuhesabiwa sawasawa hadi leo. Serikali ya kikoloni ilitangaza mauaji ya kwanza kila mahali, ikayanyamazia ya pili. Chanzo kikubwa kilikuwa ardhi: familia zilihamishwa Tigoni kuwapisha walowezi, baadhi wakakubali kupewa mashamba Lari, wengine wakakataa wakabaki mikono mitupu.

Kwa hiyo katika kijiji kimoja kuna nyumba inayomkumbuka babu kama shujaa, na jirani yake anamkumbuka babu huyohuyo kama muuaji. Makumbusho ya kawaida yangechagua upande. Haya ya Lari yalikubali kubeba pande zote mbili, na ndiyo sababu yanastahili kutunzwa.

Lari haiko peke yake. Katika miaka ya 1990, Dkt. Sultan Somjee, aliyekuwa akisimamia idara ya ethnografia katika Makumbusho ya Kitaifa, alihimiza jamii mbalimbali zikusanye vifaa vyao vya upatanisho na kuvitunza nyumbani kwao badala ya kuvipeleka Nairobi. Hivyo ulizaliwa mtandao wa makumbusho ya amani ya jamii. Kutoka kwa Wapokot tunajifunza juu ya leketyo, mshipi wa mama mzazi: akiuvua na kuuweka chini mbele ya wanaopigana, hakuna anayethubutu kuuruka. Katika kisiwa cha Mfangano, Kaunti ya Homa Bay, makumbusho ya Abasuba yanatunza lugha na desturi za Wasuba, pamoja na michoro ya kale ya miambani huko Mawanga na Kwitone.

Tangu Katiba ya 2010, makumbusho yametajwa katika Jedwali la Nne miongoni mwa kazi za kaunti. Mkazi ana haki ya kuuliza jambo hili katika vikao vya ushiriki wa umma wakati bajeti inapojadiliwa. Mara nyingi vikao hivyo huishia kwenye barabara na maji, na si ajabu, lakini makumbusho hayatajisemea.

Hata hivyo, pesa haziwezi kununua kile kinachopotea kwa kasi zaidi. Aliyekuwa na umri wa miaka 10 mwaka 1953 sasa amepita 80. Katika masanduku ya nyumbani bado kuna vipande ambavyo wazee walilazimishwa kuvaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma, barua za ardhi, na picha zisizoandikwa majina. Wanunuzi wa vyuma vikuukuu hawaulizi historia ya kikopo.

Anayetaka kusaidia aanze na mzee wake. Amrekodi kwa simu, kwa lugha anayoizoea mzee, bila kumkatiza. Nyuma ya kila picha aandike kwa penseli majina, mahali na mwaka, maana wino huvuja. Asiyetaka kukitoa kifaa cha familia anaweza kuruhusu kipigwe picha kisha akakirudisha nyumbani. Na familia ambayo babu yake alikuwa homgadi isidhani kwamba haikualikwa. Simulizi za upande huo ndizo chache zaidi, kwa kuwa wengi walizificha hata kwa watoto wao.