Mazungumzo Juu ya Sumu ya Damu kwa Watoto Wachanga

Hotuba kwa wazee wa koo, wenyeviti wa vijiji, waalimu na watu wote wa milima ya Uluguru



Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya ugonjwa uuao watoto katika siku tatu za kwanza za maisha yao. Waganga wa hospitali huuita sepsisi. Sisi tutauita sumu ya damu. Mtoto huzaliwa, hulia, na nyumba nzima hufurahi. Kesho yake hukataa ziwa, mwili hulegea, na siku ya tatu huzikwa. Watu husema ni amri ya Mungu, kisha hunyamaza. Hatukuja kubishana na amri ya Mungu. Twataka kuwaambia tu ya kuwa mara nyingi ugonjwa huu hutanguliza dalili zake kabla mtoto hajazaliwa, na watu wazijuao dalili hizo waweza kuuwahi.

Katika uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2022, ilionekana ya kuwa katika kila watoto 1000 wanaozaliwa hai, 24 hufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Si wote wafao kwa sumu ya damu. Wengine hufa kwa kuzaliwa kabla ya wakati, na wengine kwa kukosa pumzi wakati wa kuzaliwa. Lakini maradhi yaletwayo na wadudu ni moja katika sababu tatu zilizo kubwa kuliko zote.

Labda mtauliza, je, mtoto aliyezaliwa jana amepata wapi wadudu hao? Ndani ya tumbo mtoto hukaa katika maji, na maji hayo yamo katika mfuko ambao watu huuita chupa. Chupa ikiwa nzima ni kama ukuta. Tena katika njia ya uzazi ya wanawake wengi wenye afya njema hukaa wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, wala hawamdhuru mama hata kidogo. Chupa ikipasuka, ukuta umebomoka, na wadudu hao waweza kupanda hadi kwa mtoto, ambaye bado hana nguvu za kupigana nao. Jambo hili si aibu ya mama, wala si alama ya mwenendo mbaya. Mzee akisikia mtu amlaumu mama aliyefiwa, na amkanye, kwa maana lawama huwafanya wanawake kuficha dalili, na dalili iliyofichwa ndiyo iuayo.

Sasa twawaomba mzishike dalili tano, kama mtu ashikavyo hesabu ya mali yake.

Kwanza, chupa kupasuka na mtoto asizaliwe upesi. Kipimo cha waganga ni saa 18. Mathalani, chupa ikipasuka saa 12 jioni, ikifika saa 6 mchana wa siku ya pili saa 18 zimetimia. Lakini msifanye kosa la kungoja mpaka zitimie ndipo mwanze safari. Saa hizo ni za kufika, si za kuondoka. Chupa ikipasuka, mtu atazame saa na kuandika, na safari ianze wakati ule ule, hata kama uchungu haujaanza.

Pili, homa ya mama. Mama akiwa na joto la digrii 38 au zaidi wakati wa uchungu, au kabla yake kidogo, ni dalili kubwa. Kadhalika mama mjamzito asikiaye maumivu akienda haja ndogo asingoje, maana maradhi ya njia ya mkojo huponywa kwa dawa, nayo yakiachwa yaweza kumwanzisha uchungu mapema na kumletea mtoto wadudu.

Tatu, maji ya uzazi yenye harufu mbaya au yenye usaha. Maji mema hayana harufu ya uvundo. Na yakiwa ya kijani, yaani yamechanganyika na kinyesi cha mtoto, mtoto huyo aangaliwe sana.

Nne, mtoto kuzaliwa kabla ya wiki 37 za mimba, au kuwa na uzito usiofika kilo 2 na nusu. Kinga ambayo mama humpa mtoto kwa njia ya damu hupita zaidi katika wiki za mwisho, na aliyetoka mapema ametoka bila akiba hiyo.

Tano, mikono. Kila mara mkono uingiapo kumpima mama, wadudu waweza kuingia pamoja nao, hasa chupa ikiwa imekwisha kupasuka. Hata mkunga mwenye elimu hupima kwa kiasi. Basi asiye na elimu asiingize mkono wake kabisa, wala asitie majani au dawa yoyote ya kuharakisha uzazi. Na wembe wa kukatia kitovu uwe mpya.

Haya hatukuyabuni. Mwanza, katika hospitali ya Bugando, waganga waliwachunguza watoto wachanga 300 waliodhaniwa kuwa na sumu ya damu, wakatoa habari zao mwaka 2010. Karibu nusu ya watoto hao walionekana kweli kuwa na wadudu katika damu. Miongoni mwa mambo yaliyoambatana na wadudu hao yalikuwa chupa kupasuka mapema, maji ya uzazi yenye kinyesi cha mtoto, kukataa kunyonya, kulegea, degedege, na mwili kugeuka rangi ya buluu.

Tena tazameni habari za Marekani. Mapema katika miaka ya 1990, karibu watoto 2 katika kila 1000 waliozaliwa hai huko waliugua katika wiki yao ya kwanza kwa sababu ya mdudu mmoja aitwaye streptokoko wa kundi B. Waganga wakaanza kuwapima kina mama karibu na mwisho wa mimba, na kuwapa dawa wakati wa uchungu wale walioonekana kuwa na mdudu huyo. Kufika mwaka 2015, walioguswa na ugonjwa huo walikuwa chini ya mtoto 1 katika kila 4000. Watoto hao waliokolewa kabla hawajazaliwa.

Hapa kwetu kipimo hicho si cha kawaida, lakini dawa zipo. Shirika la Afya Duniani limeagiza ya kuwa mtoto ambaye chupa ya mama yake ilipasuka zaidi ya saa 18 kabla ya kuzaliwa, au mama yake alikuwa na homa, au maji yalinuka, achomwe sindano za ampisilini na jentamisini kwa muda wa siku mbili au zaidi, hata kama yeye mwenyewe aonekana mzima. Ndiyo maana muuguzi akiuliza, 'Chupa ilipasuka saa ngapi?' hataki mazungumzo tu. Jibu hilo ndilo limwonyeshalo dawa ya kutoa.

Twajua ya kuwa maneno haya ni mepesi kwa mtu wa mjini Morogoro, ambaye hospitali ya mkoa i karibu naye. Si mepesi kwa mtu wa Bunduki au Kolero, wala kwa mtu akaaye juu ya Kinole au Matombo, hasa wakati wa masika, njia zikiteleza na mito imejaa. Kwa watu wa mlimani saa 18 si nyingi. Kwa hiyo shauri lisiachwe mpaka usiku wa uchungu.

Katika desturi ya Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na neno la mjomba lina uzito. Basi mume na mjomba wakae pamoja mimba ingali changa, wakubaliane ni nani atakayetoa nauli, na ni nani atakayempeleka mama. Ruhusa itolewe mapema, ili mama asilale na chupa iliyopasuka kwa kuwa mjomba yuko shamba la mbali. Mwenyekiti wa kijiji awe na orodha ya vijana wa kubeba machela, na ya wenye pikipiki au gari. Mama akaaye mbali sana afadhali ashuke wiki chache kabla ya siku zake, akae kwa jamaa walio karibu na kituo cha afya.

Mtoto akiisha kuzaliwa, aangaliwe usiku na mchana kwa siku tatu, na baada ya hapo pia. Akikataa ziwa, akilegea, akipata degedege, akivuta pumzi mara 60 au zaidi kwa dakika, au kifua kikibonyea ndani kwa nguvu akivuta pumzi, apelekwe hospitali saa ile ile. Wengi hungoja homa, nao hukosea. Mtoto mchanga mwenye sumu ya damu aweza kuwa wa moto, na pengine huwa wa baridi. Njiani awekwe kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja, na akiweza kunyonya anyonyeshwe. Kitovu kiachwe kikavu. Kisipakwe majivu, wala mafuta, wala majani, illa dawa iliyotolewa na muuguzi.

Pengine mtasema kazi hii ni kubwa. Lakini kumbukeni pepopunda, iliyokuwa ikiua watoto wachanga wengi. Kwa chanjo za kina mama na uzazi safi ilipungua hata mwaka 2012 Tanzania ikathibitishwa kuwa imeiondoa katika hesabu ya maafa makubwa ya wachanga. Kwa sumu ya damu hatuna chanjo moja ya kutosha. Tuna saa, macho, maji na sabuni, na miguu ya vijana wetu.

Waalimu, twawaomba mziandike dalili hizi tano kwa herufi kubwa, mzibandike penye ofisi ya kijiji, na kuzisoma katika mkutano ujao, ili hata asiyejua kusoma azisikie. Na wazee, mkutano huo usivunjike kabla hamjaandika majina ya wabeba machela.

Kwa herini.