Kinachopimwa ni Mwinamo: Vifaa vya Kielektroniki katika Uchachukaji wa Bia ya Nyumbani



Anayetengeneza bia nyumbani huloweka kimea kwenye maji ya moto, huchuja, huchemsha maji yale matamu pamoja na hopi, huyapoza, hutia hamira, kisha hufunika ndoo. Kuanzia hapo kazi ni ya hamira. Kwa siku kadhaa mtengenezaji hajui kinachoendelea ndani isipokuwa afungue, na kila akifungua anakaribisha hewa na vijidudu visivyotakiwa. Vifaa ninavyovileta mbele yenu vimebuniwa ili tupate habari za ndani bila kuinua kifuniko: vinapima, vinatuma taarifa kwenye simu au kompyuta, na grafu inajichora.

Navipenda vifaa hivi na nataka vitumike. Lakini hoja ya mada hii ni kwamba hakuna hata kimoja kinachopima bia yenyewe. Kimoja hupima mwinamo wake chenyewe, kingine huhesabu mapovu, kingine hupima joto, halafu programu hukokotoa kilichobaki. Asiyejua ukokotozi huo unapitia wapi hataweza kusema ni lini akiamini kifaa na ni lini akitilie shaka.

Sukari inapoondoka

Sukari ikiyeyuka ndani ya maji huyafanya mazito. Maji matupu tunayapa kipimo cha 1.000, maji ya kimea ya bia ya kawaida huanza karibu na 1.050. Hamira hula sukari na kutoa alkoholi na hewa ukaa. Kwa hesabu ya kemia, gramu 180 za glukosi hugeuka kuwa gramu 92 za alkoholi na gramu 88 za hewa ukaa. Hewa hutoka, alkoholi ambayo ni nyepesi kuliko maji hubaki, na kipimo hushuka, tuseme hadi 1.010. Tofauti ya 0.040 ukiizidisha kwa 131.25 unapata asilimia 5.25 ya alkoholi kwa ujazo.

Chombo cha kusoma kipimo hiki ni haidromita ya kioo, ambayo imo katika kazi ya bia kwa zaidi ya miaka 200. John Richardson wa Hull, Uingereza, alichapisha kitabu kuhusu matumizi yake mwaka 1784. Ni chombo rahisi na cha kweli. Udhaifu wake ni kwamba kila usomaji unahitaji kuchota bia, na kwa ndoo ya lita 20 mtu hawezi kuchota kila baada ya saa mbili.

Kuelea na kuinama

Kifaa cha kielektroniki ninachokifahamu zaidi ni iSpindel, kilichobuniwa Ujerumani na kuachiwa wazi: michoro yake na programu yake vinapatikana bure, na fundi yeyote wa redio anaweza kukiunda. Ndani ya kichupa cha plastiki kisichopitisha maji mna bodi ndogo yenye chipu ya ESP8266, ile ile wanayoitumia wanafunzi wetu wa elektroniki. Mna kihisi cha mwinamo, kihisi cha joto aina ya DS18B20, na betri ya lithiamu ya kuchajiwa. Uzito umepangwa makusudi ili kichupa kielee kikiwa kimeinama. Kwenye maji matupu hutengenezwa kiiname nyuzi 25 hivi kutoka wima. Kwenye maji mazito ya kimea hulala zaidi, na kadiri sukari inavyoisha huinuka kidogo kidogo. Bodi huamka, tuseme kila baada ya robo saa, husoma pembe na joto, hutuma kwa Wi-Fi, kisha hulala tena. Ndiyo maana betri moja hudumu wiki nyingi. Tilt ya Marekani, ambayo huuzwa ikiwa tayari, hufuata kanuni hiyo hiyo ila hutuma kwa Bluetooth.

Tazameni mnyororo ulivyo mrefu. Sukari huamua uzito wa maji, uzito huamua pembe, kihisi husoma pembe, na programu hugeuza pembe kuwa namba kama 1.023. Hatua hiyo ya mwisho inategemea jedwali ambalo mtumiaji mwenyewe amelitengeneza. Kwa hiyo kuhakiki kifaa si jambo la hiari. Yeyusha gramu 50 za sukari kwenye gramu 950 za maji na utapata kipimo karibu na 1.020, gramu 100 kwenye 900 ni 1.040, gramu 150 kwenye 850 ni 1.061. Kila mchanganyiko uwe kwenye nyuzijoto 20, joto ambalo haidromita nyingi zimetengenezewa. Andika pembe ya kila mmoja, na usiache kupima maji matupu. Jioni moja inatosha. Anayeiruka kazi hii atapata grafu nzuri ya namba zisizo na maana.

Hata baada ya kuhakiki, ndani ya ndoo kuna vurugu. Povu zito la siku za mwanzo hushika kichupa. Hamira na mabaki ya hopi hugandamana juu yake na kubadili uzito wake, mapovu yanayopanda hukisukuma, na wakati mwingine hugota kwenye ukuta wa ndoo. Ikiwa chombo ni tangi la chuma cha pua, au ndoo imewekwa ndani ya friji, mawimbi ya redio hupita kwa shida. Kwa anayeanza, ndoo ya plastiki ya kiwango cha chakula ni bora.

Kosa dogo, hatari kubwa

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo mtu anapoweza kuumia. Lita 20 za bia zinazoshuka kutoka 1.050 hadi 1.010 hutoa zaidi ya lita 400 za hewa ukaa. Ukigawanya, kila kushuka kwa 0.001 hutoa gesi yenye ujazo wa karibu nusu ya ujazo wa bia. Sasa tuseme kifaa kinasema 1.010 na mtengenezaji anaamini uchachukaji umekwisha, kumbe kweli ni 1.014 na hamira bado ina sukari ya kula. Anajaza chupa, anaongeza sukari ya kuleta povu kama kawaida, akikusudia gesi ya mara mbili na nusu ya ujazo wa bia. Hizo 0.004 zilizobaki zitaongeza nyingine ya mara mbili. Chupa ya kioo iliyotengenezwa kwa bia ya kawaida inaweza kupasuka kwa shinikizo hilo, na vipande vyake hukata uso na macho.

Kwa vifaa vinavyoelea, kukosea kwa 0.004 ni jambo la kawaida. Kwa hiyo siku ya kujaza chupa, haidromita ya kioo itumike: mara mbili, kwa tofauti ya siku mbili au tatu, na namba ziwe sawa.

Kifaa kinafaa kwa nini basi? Kinafaa kwa umbo la mstari, na hapo hakina mpinzani. Hata kama namba zimehama kwa 0.004, mara nyingi zimehama zote pamoja, na mwenendo unabaki wa kweli. Utaona hamira ilichukua saa ngapi kuanza, kasi ilikuwa kubwa zaidi lini, na mstari ulilala lini. Mstari uliosimama kwenye 1.025 siku ya tatu unakwambia hamira imekwama, nawe una nafasi ya kupandisha joto mapema. Haidromita ya mara moja kwa wiki isingekuonyesha hilo kwa wakati.

Vifaa vya kuhesabu mapovu, kama kile cha kampuni ya Plaato ya Norway, havinivutii sana. Kifuniko kikivuja kidogo tu gesi hupita pembeni na hesabu huharibika. Na ndoo ikipata joto, gesi iliyoyeyuka hutoka ingawa hamira imelala.

Joto kwanza

Kama bajeti inaruhusu kifaa kimoja tu, kiwe cha joto. Hamira nyingi za bia ya aina ya eli hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 18 na 22, na za laga kati ya 8 na 13 hivi. Uchachukaji wenyewe hutoa joto, kwa hiyo bia huweza kuzidi hewa ya chumbani kwa nyuzi kadhaa. Kipimajoto cha ukutani hakitoshi. Kihisi kiguse bia au kibandikwe kwenye ndoo na kufunikwa na sponji, kisha kiunganishwe na kidhibiti kinachowasha na kuzima friji. Chumba cha Dar es Salaam au Mombasa chenye nyuzi 30 hakifai eli ya kawaida bila friji, lakini kuna hamira za mashambani za Norway, zinazoitwa kveik, ambazo huvumilia nyuzi 30 hadi 40. Kwa watu wa pwani naona hiyo ndiyo njia yenye gharama ndogo.

Nimeulizwa kabla ya kikao kama vifaa hivi vinaweza kupima mbege, pombe ya ndizi na ulezi. Kichupa kinachoelea, hapana: uji wa ulezi ni mzito, unga wake hukishika, na mbege hunywewa ingali inachachuka, kwa hiyo hakuna kipimo cha mwisho cha kusubiri. Lakini maji ya ndizi yaliyochujwa, kabla ulezi haujatiwa, yanaweza kupimwa kwa haidromita ya kioo, na kihisi cha joto kinaweza kuzamishwa kwenye pipa hatua zote. Napendekeza kikundi cha Moshi kianze na hivyo viwili, kiandike joto kila saa pamoja na maoni ya wapishi wenyewe kuhusu ladha, na kituletee madaftari katika kikao kijacho.