Tunasimama Juu ya Nini, Kolwezi?



Leo hatutaongea bei ya kobalti. Tutaongea chini ya miguu yetu. Hapa Kolwezi watu wanachimba juu ya fasi iliyokwisha kuchimbwa, na wengine tunalala juu yake.

Tuanzie Kamoto. Mwezi wa 9, 1990, sehemu ya katikati ya mgodi wa chini wa Kamoto ilianguka. Wazee wetu wa Gécamines wanaikumbuka, kwa sababu kutoka hapo kampuni iliyokuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka iliendelea kuporomoka. Mgodi wa namna ile unachimbwa kama vyumba, na katikati ya vyumba munaacha nguzo za mawe zibebe mlima. Ukipunguza nguzo, mzigo unahamia kwa nguzo ya jirani. Ile nayo ikichoka, yote inashuka.

Na chumba cha zamani hakikai kimya. Mwamba wa juu unavunjika kidogo kidogo, shimo linapanda kuelekea juu, mwaka kwa mwaka. Kama chumba kiko mbali sana chini, mawe yaliyovunjika yanajaza nafasi (jiwe likivunjika linachukua nafasi kubwa kuliko lilipokuwa zima) na shimo linasimama. Kama kiko karibu, linatokea kwa kiwanja chako. Sasa wewe unakuja juu na pelle na baramini, unapunguza ule mwamba uliobaki. Au kampuni inaleta masini nzito na kupiga baruti. Ao mvua ya mwezi wa 1 inaingia. Ni kukata tawi lenye umekalia.

Kasulo tunaijua wote. Mwaka wa 2014 mawe ya kobalti yalionekana chini ya viwanja, na watu wakachimba ndani ya uwanja, hata ndani ya nyumba. Mashimo yakashuka wima, kisha yakageuka pembeni kufwata mshipa, yakapita chini ya nyumba ya jirani bila kumupigia hodi. Mwaka wa 2017 familia nyingi zilihamishwa. Watu walihama, lakini mashimo hayakuhama.

Tarehe 27 mwezi wa 6, 2019, kwa mgodi wa KOV, galeri zilianguka, zikaua zaidi ya watu 40. Siku chache nyuma, Leta ilituma askari kufukuza wachimbaji. Askari, sawa. Lakini askari hawezi kukuambia kama chini yako kuko wazi.

Sheria inasema mchimbaji wa mikono asipite mita 30. Ile mita inahesabiwa kutoka juu. Haiulizi kama kwa mita 20 kuko galeri ya zamani yenye kujaa maji! Kijana anaheshimu sheria, na anakufa ndani ya sheria.

Njo maana tunalomba ramani. Mgodi mkubwa wa chini unachorwa, kila galeri na kila nguzo. Zile karatasi si siri ya jeshi. Zitundikwe kwa komini na kwa ofisi za kooperative, kwa lugha tunasoma. Na kwa fasi zilizochimbwa bila ramani, watoboe kwanza tundu ndogo za kupima, mbele ya kutoa ruhusa ya kuchimba ao kuuza kiwanja. Inagharimu franga, ndiyo. Kampuni haziweki lori zao juu ya udongo bila kupima. Kwa nini mutu apimwe na mwili wake?

Tukingoja, muangalie: ufa wa ukuta wenye kupanuka, mlango uliokuwa unafunga na sasa unakataa, maji ya mvua yanayopotea fasi moja, upepo unaotoka ndani ya udongo. Ukiona hata moja, toa watoto kwanza, kisha itana chef wa kartie.

Wenye nyumba zilizopasuka, musiende bado. Wamama wale wawili kwa meza ya nyuma wanaandika avenue na numero. Tunataka kupeleka ile liste kwa meya siku ya kwanza, sisi wote kwa miguu.