Somo la Redio: Kadi ya Kliniki na Mahali pa Kujifungulia

Walimu na wanafunzi wa madarasa ya watu wazima, leo tutazungumza habari za akina mama wajawazito wa vijijini. Habari hizi ni za waume zao pia. Kwa hiyo wanaume msitoke nje. Kaeni, msikilize.

Wafikirieni akina mama wawili wa kijiji kimoja. Kila mmoja ana mimba ya miezi saba, na wote wawili wamekwenda kliniki. Mama wa kwanza alipimwa uzito, damu, mkojo na presha. Mkunga alimpapasa tumbo, akasikiliza moyo wa mtoto. Kisha akamwambia, "Mama, presha yako imepanda. Usijifungulie nyumbani. Nakupa barua uende hospitali." Mama wa pili alipimwa uzito tu. Alipouliza swali, alikemewa mbele ya wenzake.

Je, uchungu ukianza, kila mmoja atakwenda wapi? Wa kwanza atakwenda hospitali, maana ameelezwa sababu. Wa pili atasema, "Kwa nini nitembee usiku kucha nikatukanwe?" Atabaki nyumbani na mkunga wa jadi. Mama huyu si mjinga. Ameipima huduma aliyoiona, akaamua. Basi kliniki nzuri humvuta mama, na kliniki mbaya humfukuza.

Mtasema, "Lakini sisi wengi tulizaliwa nyumbani, na mama zetu wakapona." Ni kweli. Lakini hakuna ajuaye mapema ni nani atakayevuja damu. Mama mwenye afya njema anaweza kuzaa vizuri, kisha akatokwa na damu nyingi, akafa kwa muda wa saa mbili. Katika zahanati, mara mtoto azaliwapo, mkunga humchoma mama sindano ya kukaza mfuko wa uzazi. Mkunga wa jadi ana huruma na uzoefu, lakini sindano hiyo hana.

Katika Tanzania, uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba watoto 63 katika kila 100 walizaliwa mahali pa matibabu. Mwaka 2022 walikuwa 81. Tumepiga hatua. Lakini wale 19 waliobaki ni watoto wetu pia, na wengi wao ni wa vijijini.

Sasa chukueni kadi ya kliniki. Mmejifunza kusoma namba, leo zitumieni. Presha huandikwa kwa namba mbili. Namba ya kwanza ikifika 140, au ya pili ikifika 90, hiyo ni hatari. Tazameni kipimo cha wingi wa damu. Kikiwa chini ya 11, damu ni pungufu. Tena tazameni mahali patupu pasipoandikwa kitu. Hapo mama aulize kwa adabu, "Mkunga, kipimo hiki sijapimwa. Nitapimwa lini?" Kuuliza hivyo si ukaidi. Ni haki yake.

Mama aanze kliniki mapema, kabla mimba haijatimiza miezi mitatu. Tangu mwaka 2016, Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito aonane na wahudumu wa afya mara 8 au zaidi.

Mume naye ana kazi yake. Aweke akiba ya nauli kidogo kidogo. Apatane mapema na mwenye pikipiki au gari. Waulize kliniki ni vifaa gani vya kwenda navyo. Wapatane pia nani atakaa na watoto. Kama hospitali ni mbali, mama asogee karibu nayo kabla ya siku zake kufika.

Dalili hizi zisingoje asubuhi: kutokwa na damu, kichwa kuuma sana, macho kuona giza, uso kuvimba, degedege, homa kali, chupa kupasuka kabla ya uchungu, au mtoto kuacha kucheza tumboni. Ukiona moja tu, ondoka. Katika Tanzania unaweza kupiga simu namba 115 bila malipo, uombe usafiri.

Sasa, mwalimu, andika ubaoni: KADI. PRESHA. DAMU. AKIBA. Wanafunzi wasome kwa sauti, kisha wazungumze juu ya maswali haya:

1. Kwa nini baadhi ya akina mama wa kijiji chetu hujifungulia nyumbani?
2. Usiku wa mvua, nani kijijini ana chombo cha kumchukua mama?
3. Mama akikemewa kliniki, jambo hilo tulipeleke kwa nani katika kamati ya zahanati au serikali ya kijiji?

Msiondoke bila kujibu swali la pili. Huenda likahitajika usiku wa leo.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.