Maji ya Bondeni Yana Wenyewe

(Mazungumzo kwa wananchi wa Mgogoni, Pemba)

Pemba haina mto mkubwa. Ina vijito vifupi viteremkavyo kati ya vilima vya mikarafuu, vikapita katika mabonde ya mpunga na kuishia mikokoni. Kwa hiyo bonde la Pemba hukabiliwa na maji ya pande mbili: masika huleta maji matamu kutoka juu, na bamvua huleta maji ya chumvi kutoka baharini. Uchunguzi wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar wa mwaka 2012 ulihesabu maeneo zaidi ya 140 yaliyoingiliwa na maji ya bahari, na mengi kati ya hayo yalikuwa Pemba. Maji ya mvua yakizidi huharibu mpunga wa msimu mmoja. Chumvi huweza kulitia bonde ugumba kwa miaka mingi.

Kwamba hatua ichukuliwe, hapana ubishi. Ubishi ni juu ya hatua yenyewe. Mkulima wa mpunga, ambaye mara nyingi ni mama mwenye watoto wa kulisha, anataka tuta lijengwe upesi. Mvuvi anajua kwamba samaki na kaa hukulia mikokoni, naye anauliza tuta litapita wapi. Mkata boriti na mchoma mkaa hupata riziki zao katika mikoko hiyo hiyo. Mtaalamu anashauri mikoko ipandwe, kwa kuwa mizizi yake hupunguza nguvu za mawimbi; lakini mkoko huchukua miaka kukua, na njaa haina subira.

Katika mabishano ya namna hii ni rahisi kudhani kwamba mmoja ndiye mwenye elimu na wengine wote ni wajinga. Taifa limekwisha kulipa gharama ya dhana hiyo huko Rufiji. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, Serikali iliwahamishia wananchi wa bondeni katika vijiji vya ujamaa, mahali pa juu. Nia ilikuwa njema: wananchi wasalimike na wapate huduma. Lakini kwa Mrufiji mafuriko hayakuwa adui tu. Ndiyo yaliyoleta rutuba, na yalipopungua aliotesha mazao katika unyevu uliobaki. Basi wengi waliendelea kulima bondeni, wakikaa katika madungu mbali na vijiji vyao vipya. Serikali iliona hatari. Mkulima aliona mbolea. Wote wawili waliona kweli, ila kila mmoja aliona nusu yake.

Hoja hiyo ilirejea mwezi Aprili 2024, mafuriko yalipozikumba Rufiji na Kibiti. Wapo wananchi waliolilaumu Bwawa la Julius Nyerere. Serikali ikaeleza kwamba mvua zilikuwa kubwa mno, na kwamba bwawa lilipunguza kishindo cha maji. Fundisho lililobaki ni kwamba anayeishi chini ya maji anastahili kushirikishwa na yule anayeyazuia juu.

Ndugu wananchi, fundisho hilo lafaa lifike Mgogoni kabla ya jembe la kwanza. Tuta lisilo na mlango huzuia bahari, lakini huzuia pia maji ya mvua, na bonde hugeuka ziwa. Mlango ukiwekwa, nani ataufunga wakati wa bamvua na kuufungua wakati wa masika? Nani atauondolea tope? Mikoko ikilindwa, mkata boriti atakula nini hadi ile michanga ikue? Maswali haya hayawezi kujibiwa na ofisi peke yake. Yajibiwe katika mkutano wa shehia, mtaalamu akiwa na ramani yake, mkulima, mvuvi na mkata boriti wakiwa na uzoefu wao. Na majibu yaandikwe pamoja na zamu za kazi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini hata ukuta huanguka ukikosa mwenyewe. Serikali yaweza kuleta mawe, saruji na wataalamu. Mwenyewe wa tuta hawezi kuletwa kutoka nje. Huyo hupatikana Mgogoni, naye hupatikana pale tu alipoulizwa tangu mwanzo.