Lugha ya Mgeni Msikitini

(Mawaidha yaliyotolewa Miteja, Kilwa)

 

Watazameni ndugu zetu wa Maskati. Wengi walizaliwa Unguja na Pemba, wakaitwa Waarabu. Baada ya mapinduzi ya 1964, na hasa aliposhika utawala Sultani Qaboos mwaka 1970, walihamia Omani, nchi ya mababu zao. Huko wakaitwa Wazinjibari, kwani nyumbani walizungumza Kiswahili na Kiarabu kiliwawia kizito. Basi mtu huyu kwao ni wapi?

Kilwa yetu nayo ilipokea wageni. Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier, alifika mwaka 1331 akasimulia jinsi Sultani alivyompa fakiri wa Yemen nguo alizokuwa amezivaa.

Na sisi je? Wafugaji walioondolewa Ihefu mwaka 2006 na 2007 wakaletwa wilayani kwetu, mmoja wao akija kuswali, vijana humcheka matamshi. Tena kibarazani mwa msikiti! Surat Ar-Rum, aya ya 22, imezihesabu tofauti za ndimi na rangi katika ishara za Mwenyezi Mungu. Na wapo wanaocheka hali wana ndugu Maskati, naye anababaika na Kiarabu sokoni.

Ijumaa hii mfugaji huyo akiingia, apishwe akae, na aulizwe hali ya watoto wake.