Hiyo skolashipu inalipa nini?



Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, mezani kwangu hapa studio huanza kufika barua za namna moja. Siku hizi nyingi ni ujumbe wa simu, lakini swali ni lile lile la miaka yote: "Kijana wetu amepata skolashipu ya kusoma nje ya nchi. Je, tutapataje fedha zilizobaki?" Mimi hukwama hapo kwenye neno "zilizobaki". Kama kuna zilizobaki, basi alichopata kijana ni nini hasa?

Leo napenda tuliangalie neno hilo, skolashipu, au ufadhili wa masomo kama tunavyotakiwa kusema hewani. Neno limebaki lile lile, ila kilichomo ndani ya gunia kimebadilika, na watu wanabeba gunia bila kulifungua.

Wazee wetu walilijua kwa maana moja tu. Mwalimu Nyerere alipokwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1949, aligharamiwa na serikali ya kikoloni. Vijana waliokwenda Moscow katika chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1960, na mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba, walisomeshwa bure, wakapewa mahali pa kulala na posho, na kwanza wakafundishwa Kirusi. Nchi za Jumuiya ya Madola nazo zilikutana Oxford mwaka 1959 na kukubaliana juu ya mpango wao wa kusomeshana, ambao upo mpaka leo. Kwa hiyo katika siku hizo mtu akisema mwanawe kapata skolashipu, jirani walikuwa na haki ya kuuliza mbuzi yuko wapi.

Hata hivyo tusiwaonee wivu kupita kiasi. Ile safari mashuhuri ya ndege aliyoipanga Tom Mboya, iliyopeleka wanafunzi 81 Marekani mwezi wa Septemba 1959, haikuwa ya mfadhili mmoja. Nafasi zilitoka vyuoni, nauli ilichangwa na Wamarekani wenye moyo, na huku nyumbani wazazi na majirani walichangishana ili kijana asiondoke mikono mitupu. Mwaka 1960 wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000 kusaidia safari hizo, na katika kundi la mwaka huo alikuwamo Wangari Maathai, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel. Kwa hiyo hata wakati huo zilikuwapo "zilizobaki". Tofauti ni kwamba watu walijua tangu mwanzo ni kiasi gani kimebaki na nani atakilipa.

Mambo yalianza kugeuka Uingereza. Mwaka 1979 serikali ya Bi Thatcher ilitangaza kwamba wanafunzi wa kigeni watalipa gharama kamili ya masomo, na kuanzia mwaka 1980 ikawa hivyo. Mgeni, ambaye kabla ya hapo alionekana kama rafiki wa kesho, akawa mteja wa leo. Nchi za Kaskazini ya Ulaya, zilizokuwa zikisomesha wageni bila ada, zikafuata moja baada ya nyingine: Denmark mwaka 2006, Sweden mwaka 2011, Finland mwaka 2017, na Norway mwaka 2023. Chuo kinapokuwa na mteja, huanza kufanya mambo yanayofanywa na kila mwenye duka. Ukienda Kariakoo kununua suruali utaambiwa ni elfu arobaini, lakini wewe ni mtu wetu, toa elfu thelathini. Hakuna aliyewahi kurudi nyumbani akasema mwenye duka amemfadhili elfu kumi. Lakini chuo cha ng'ambo kikipunguza ada kwa mtindo ule ule, punguzo hilo huitwa skolashipu, huandikwa kwenye barua yenye nembo ya dhahabu, na huku kwetu hutangazwa kanisani na msikitini.

Mwezi uliopita nilipata barua ya baba mmoja, mkulima wa mpunga, akiwa ameambatisha nakala ya barua ya chuo kimoja cha Marekani. Binti yake amepewa dola 15,000 kwa mwaka kwa sababu ya alama zake nzuri. Ni kweli alama ni nzuri, na binti anastahili pongezi. Lakini ukurasa wa tatu, kwa herufi ndogo, ulitaja gharama zote za mwaka: ada, bweni, chakula, bima ya afya na vitabu, jumla dola 42,000. Toa 15,000, zinabaki 27,000. Zidisha kwa miaka minne, ni dola 108,000. Na hapo hatujataja nauli, wala kwamba vyuo hupandisha ada karibu kila mwaka huku punguzo likibaki pale pale. Tena msaada wenyewe una sharti: wastani wa alama ukishuka chini ya kiwango kilichotajwa, unakoma. Mzee alikuwa akitaka kuuza ekari sita alipie mwaka wa kwanza, "halafu Mungu atafungua njia".

Wapo waliomshauri hivyo kwa sababu ya utaratibu wa viza. Ili mwanafunzi apewe hati ya chuo ya kuombea viza ya Marekani, huonyesha kwamba fedha za mwaka wa kwanza zipo. Basi watu huchanga, huuza na kukopa mpaka mwaka wa kwanza uonekane kwenye karatasi ya benki. Mwaka wa pili hauna karatasi. Kijana aliyekwisha fika kule haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, tena ndani ya chuo, na mshahara wa kuosha vyombo bwaloni haulipi dola 27,000. Akishindwa ada hawezi kuandikishwa, na asipoandikishwa anapoteza haki ya kukaa nchini humo. Nilimwandikia yule mzee asiuze shamba. Bado hajanijibu.

Nilimwekea na hesabu nyingine katika barua hiyo, na hii nawapa nyote. Vyuo vikuu vingi vya serikali nchini Ujerumani havitozi ada ya masomo hata kwa mgeni. Kuna mchango wa muhula tu. Jimbo la Baden-Württemberg ndilo lililoanza mwaka 2017 kuwatoza wageni wengi yuro 1,500 kwa muhula. Kinachotakiwa kwa viza ni kuthibitisha fedha za kujikimu, na njia ya kawaida ni kuweka fedha katika akaunti iliyozuiwa, ambayo hukufungulia kiasi fulani kila mwezi. Kiwango kilipandishwa mwaka 2024 kuwa yuro 11,904 kwa mwaka, yaani 992 kwa mwezi. Fedha hizo ni zako, unazila wewe mwenyewe. Sisemi ni kidogo. Kwa mkulima ni mlima. Lakini tazameni jambo hili la ajabu: mtu asiye na skolashipu hata senti moja kule Ujerumani anaweza kutumia karibu nusu ya anayotumia mwenye skolashipu kule Marekani. Ila masomo mengi ya shahada ya kwanza hufundishwa kwa Kijerumani, na lugha hiyo haisomwi kwa miezi miwili.

Sasa, je, ule ufadhili wa zamani, wa kulipiwa kila kitu, umekufa? Haujafa. Umehamia ngazi ya juu zaidi. Serikali za nje hupenda kumlipia mtu mwenye shahada ya kwanza ambaye amekwisha anza kazi. Chevening ya Waingereza, iliyoanza mwaka 1983, hulipa ada, posho na nauli kwa mwaka mmoja wa uzamili, lakini hudai uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na mke au mume utamgharamia mwenyewe. DAAD ya Wajerumani inazo nafasi za uzamili kwa masomo ya maendeleo zenye sharti hilo hilo la miaka miwili, na pia huwalipia Waafrika wanaosoma uzamili na uzamivu hapa hapa Afrika, jambo ambalo vijana hulipita kana kwamba elimu bila baridi kali si elimu. Umoja wa Ulaya una Erasmus Mundus, ambapo mwanafunzi wa uzamili husoma katika nchi mbili au zaidi na kupewa yuro 1,400 kwa mwezi. Serikali ya China hulipia hata shahada ya kwanza: ada, bweni, bima, na posho ya yuan 2,500 kwa mwezi, au 3,000 kwa uzamili. Nauli ya ndege mara nyingi ni juu yako, na wengi hutumia mwaka mzima wa kwanza kujifunza Kichina.

Kwa kijana wa kidato cha sita anayeitazama Marekani, kuna neno jingine la kujifunza: msaada wa kadiri ya uhitaji. Huu hauangalii alama peke yake. Chuo huchunguza kipato cha mzazi, hukadiria anachoweza kulipa, kisha hujaza pengo. Vyuo vichache mno, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, humchagua mgeni bila kuangalia mfuko wa baba yake, na wakimchukua hulijaza pengo lote. Hapo umaskini wa yule mkulima wa mpunga ungekuwa si kizuizi. Kizuizi ni kuchaguliwa, kwa maana Harvard huchukua chini ya mmoja katika kila waombaji 20. Vyuo vingine vingi huangalia kwanza kama unaomba msaada, na jambo hilo linaweza kukunyima nafasi. Kwa hiyo baadhi ya werevu huandika kwamba hawahitaji msaada, wakitumaini kuomba wakishafika. Vyuo vingi vina sheria kwamba mgeni asiyeomba mwanzoni hawezi kuomba baadaye. Ujanja huo umewarudisha watu nyumbani. Na kwa kuwa masharti ya viza ya Marekani yamebadilika sana tangu mwaka 2025, ulizeni ubalozini kabla ya kulipa chochote.

Aina ambayo haizungumzwi sana huku kwetu, na mimi naipenda kuliko zote, ni ya kulipwa kwa kazi. Mwanafunzi wa uzamivu Marekani, hasa wa sayansi, mara nyingi haombi skolashipu kokote. Huomba nafasi ya masomo, na idara inayomtaka humfanya msaidizi wa kufundisha au wa utafiti, ikamsamehe ada na kumlipa posho. Anasahihisha mitihani, anasimamia maabara, anapata mkate wake. Hapa hapahitajiki mjomba wizarani. Ila barua yake nayo isomwe mpaka mwisho: posho ni ya miezi tisa au kumi na miwili? Kwa maana ikiwa ni tisa, kuanzia Juni hadi Agosti utakula nini? Na mwenzi wako akija kwa viza ya kumfuata mwanafunzi haruhusiwi kufanya kazi.

Mikopo nitaipita upesi. Benki nyingi za Marekani hudai mdhamini ambaye ni raia au mkaazi wa kudumu wa kule, na shangazi anayeishi Texas, akiambiwa atie saini, simu yake huwa haipatikani.

Kuna na deni lisiloandikwa kwa fedha. Aliyesomeshwa na Chevening hutakiwa kurudi kwao kwa muda usiopungua miaka miwili. Fulbright ya Wamarekani, iliyotokana na sheria ya mwaka 1946, nayo ina sharti la miaka miwili nyumbani kabla ya kuomba makazi ya kudumu kule. Mtumishi wa umma aliyepewa ruhusa ya masomo naye husaini mkataba wa kurudi kazini. Nimesikia watu wakiyalalamikia masharti haya. Binafsi siyaoni kuwa mabaya, almradi mtu ameyasoma kabla ya kutia saini.

Kuhusu mawakala wanaodai laki tatu "za kusajili skolashipu", jueni kwamba fomu ya Chevening haina malipo. Ni kweli baadhi ya vyuo hutoza ada ya maombi, lakini hiyo hulipwa kwa chuo chenyewe, si kwa namba ya simu ya kijana aliyeketi kwenye ngazi za jengo la ofisi mjini.

Nimalizie na barua ya muuguzi mmoja, mama wa watoto watatu, mwenye umri wa miaka 42, anayeuliza kama amechelewa. Kwa China, mama yangu, ndiyo: uzamili ukomo ni miaka 35, na uzamivu 40. Ufadhili wa serikali ya Japani kwa uzamili nao huishia kabla ya miaka 35. DAAD haimuulizi sana mtu umri, bali shahada yake ya mwisho, ambayo kwa kawaida isiwe imepita miaka sita. Chevening haina ukomo wa umri, na kazi yako ya wodini inahesabika katika ile miaka miwili. Dirisha lao hufunguliwa mwezi Agosti na kufungwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Utatakiwa kuchagua kozi tatu katika vyuo vya Uingereza, na kupata watu wawili wa kukuandikia barua. Anza na hao wawili, maana wakubwa wa kazi huchelewesha barua kuliko posta.